Mahege: Basi lilinilevya mimi, gemu likamlevya mpwa wangu!

MSOMAJI wangu, kuna watu Mwenyezi Mungu kawajaalia matumbo ya chuma. Hao hupanda basi pale Mbagala Rangi Tatu, wakafungua mfuko wa chipsi mayai, wakala huku wanasoma meseji, na wakifika Kibiti wanashuka wakiuliza pweza anauzwa wapi. Mimi simo. Gari likipinda kona ya kwanza tu mate yananijaa mdomoni, jasho jembamba la baridi linanitoka kwenye paji la uso, na jirani yangu wa siti huanza kusogeza mkoba wake pembeni bila kuambiwa.

Nasema haya mapema ili ujue kwamba aliyetumwa Mahege siku ile hakuwa shujaa. Ilikuwa mwezi wa nane. Simu ililia saa tano usiku, mama mkubwa huyo, sauti imepanda kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

"Mwanangu, njoo. Mtoto kaingiliwa."

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wake, mimi ni mjomba wake, na mjomba kwetu akiitwa haulizi nauli iko wapi. Yuko darasa la saba, umri miaka kumi na mitatu, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mama mkubwa alikuwa keshapatana na fundi wa mapepo: ngoma ya siku saba, mbuzi mmoja beberu mweusi na magunia mawili ya mpunga. Nikapiga hesabu. Siku saba za ngoma, na baada ya ngoma siku kadhaa za mwiko, mtoto hatoki ndani. Mtihani ungemkuta kwenye mkeka.

Asubuhi nikadamka.

Barabara ya Kilwa siku hizi ni lami tupu. Sisi wa zamani tunakumbuka mvua za El Nino za mwaka 1997 kuingia 1998, basi linalala njiani, abiria wanashuka kusukuma na suruali zimekunjwa hadi magotini. Na aliyekuwa anakwenda mbele zaidi, Kilwa na Lindi, alikuwa anasubiri pantoni pale Ndundu, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Cha ajabu ni kwamba enzi zile za matope mimi nilikuwa sitapiki sana. Gari lilikwenda mwendo wa kinyonga, na kila baada ya muda tunashuka kusukuma, upepo unatupiga usoni, tumbo linatulia. Lami ndiyo iliyoniponza. Dereva wa siku hizi akiiona imenyooka anasahau kwamba nyuma kabeba watu.

Halafu kuna hili la mifuko. Zamani konda alikuwa na bunda lake la rambo, ukimwangalia kwa jicho la huzuni anakurushia moja, unamaliza shughuli yako, unafunga fundo. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Mazingira yamepona, sina ubishi. Lakini sisi wenye matumbo mepesi tulipoteza rafiki, na mfuko wa karatasi, nakwambia kwa uzoefu, si wa kutegemea. Mimi sasa natembea na kopo la siagi lenye mfuniko. Watu wakiliona wanadhani nimebeba mboga.

Basi bwana, Kongowe nilipita salama, Vikindu salama, Mkuranga nikanusa ganda la ndimu. Kimanzichana wachuuzi wakaja dirishani na korosho na machungwa, harufu ya korosho za kukaanga ikachanganyika na ya dizeli, mambo yakaharibika. Kufika Jaribu Mpakani kopo limeshafanya kazi. Bungu sikuiona, nilikuwa nimefumba macho. Kibiti, kilometa 130 na ushee kutoka Dar es Salaam, nikashuka rangi imenitoka kama mtu aliyefufuliwa.

Hapo ndipo nilipopanda bodaboda kwenda Mahege. Na hapa msomaji nakuomba uweke alama, maana tutarudi. Njia ile ina mchanga, ina mashimo, ina mizizi ya mikorosho inayokatiza barabara kama chatu. Kijana aliyenipakia alikuwa anaendesha kama anafukuzwa. Nilirushwa, nikatikiswa, nikakaribia kuuma ulimi. Lakini kichefuchefu? Hakuna. Kiliondoka dakika tano za mwanzo, nikafika Mahege nina njaa.

Kama hujafika, Mahege ni kata ya wilaya ya Kibiti, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Rufiji kabla wilaya haijamegwa. Ni nchi ya Wandengereko, minazi, mikorosho na mihogo, watu wa taratibu, salamu zao peke yake zinamaliza robo saa. Ukienda upande wa baharini huko ndiko mto Rufiji unakogawanyika mikono mingi na kuingia kwenye mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki. Mtu wa huku, hata kama yeye ni mkulima wa bara, hakosi shemeji baharia au mjomba mvuvi. Mashua na ngalawa zimo kwenye mazungumzo yao ya kila siku kama daladala zilivyo kwenye ya kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekauka hivyo? Na wewe unaumwa?"

"Gari, mama."

"Aah. Wewe tangu mtoto."

Mpwa wangu alikuwa barazani, kajikunyata kwenye mkeka, kitabu cha hisabati kifuani. Akanipa shikamoo kwa sauti ya chini na macho akayapeleka pembeni. Sikumwona mgonjwa. Nilimwona mtu mwenye siri.

Mama mkubwa akanisimulia. Kwa miezi miwili mtoto anarudi nyumbani kiza kinaingia, magharibi ile ile ambayo watu wazima wanaita watoto ndani kwa sababu ya wale wasiotajwa. Anarudi rangi imemtoka, mikono ya baridi, jasho linamtiririka, anapiga miayo mfululizo, haongei, halafu anatapika. Akilala, anasema kitanda kinazunguka. Asubuhi mzima, anakula mihogo kama kawaida. Mara tatu wamempeleka zahanati, wamemtoboa kidole, malaria hamna. Damu inamtosha. Homa hana. Sasa ugonjwa usio na homa, usioonekana kwenye kipimo, unaokuja magharibi na kuondoka asubuhi, wewe ungeuitaje?

Nisiwe mwongo, hata mimi nywele zilisisimka. Wasomi wa mjini wakisikia habari hizi wanacheka. Sikucheka. Yule mama alikuwa ameangalia dalili vizuri kuliko daktari yeyote, kazipanga, na kwa aliyoyajua jibu lake lilikuwa na mantiki. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu.

Nikamuuliza: "Ni kila siku, mama?"

Akafikiri. "Siyo kila siku. Kuna siku pepo anampumzisha. Mwezi uliopita, ile wiki umeme ulipokatika, hakumgusa hata kidogo."

Msomaji, nilikaa wima. Mimi nimesikia habari za majini ya baharini, ya mwituni, majini ya Kiarabu na ya Kisomali. Jini la umeme ndiyo kwanza nakutana nalo!

Sikusema kitu. Alasiri ilipoingia mtoto akachukua juzuu yake, akaaga anakwenda madrasa. Nikamwacha atangulie kidogo, nami nikatoka nyuma kama mpelelezi wa riwaya. Madrasa iko kulia. Jamaa akakata kushoto.

Kibanda chenyewe ni cha mabanzi, paa la bati, mlango umezibwa na kitenge ili mwanga usiingie. Ndani kiza. Kuna TV moja ya kichogo, PlayStation ya kizamani imefungwa kwa raba kama mgonjwa wa mfupa, benchi mbili, na vijana kama kumi na tano wamebanana, joto la kuoka mkate. Mechi ya mpira shilingi mia mbili. Vita, nusu saa mia tano. Siku ile ilikuwa vita: lile gemu ambalo humwoni mchezaji, unaona mikono na bunduki tu, kana kwamba macho yako ndiyo macho ya askari. Askari anakimbia, kamera inatikisika. Anageuka nyuma, dunia nzima inageuka naye kwa kasi. Anaruka ukuta, anapiga magoti, anageuka tena. Manowari zinalipuka, vijana wanashangilia.

(Nilijisemea moyoni, hawa wanapigana vita vya kubuni wakati vya kweli vilikuja mpaka kwao. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar Septemba 1914, ikaja kujificha humu humu kwenye mikono ya Rufiji, ikawindwa mpaka Julai 1915 ilipozamishwa na wenyewe baada ya kupigwa vibaya. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Lakini hilo tuliache, halina pedi.)

Mpwa wangu alikuwa wapi? Hakuwa kwenye benchi. Hana mia tano. Alikuwa amekaa chini kabisa mbele, mchanga mtupu, TV iko hatua moja kutoka puani, shingo kainua juu, anaangalia wengine wanavyocheza. Saa nzima na nusu! Nilisimama mlangoni nikamwona anapiga mwayo wa kwanza. Kisha wa pili. Akameza mate. Akajifuta paji la uso.

Wallahi ilikuwa kama najitazama mwenyewe kwenye kioo. Ile ilikuwa Kimanzichana kabisa.

Sasa niruhusu nieleze, maana baada ya siku ile nilisoma na kuuliza mpaka nikachosha watu. Ndani ya sikio, nyuma ya lile ngoma la kusikilizia, kuna vimfereji vitatu vyembamba vyenye majimaji, na karibu yake kuna vijiwe vidogo vidogo vya chokaa vinavyokaa juu ya vinyweleo. Ukigeuza kichwa majimaji yanasogea, ukiinuka au kuinama vijiwe vinavuta, na ubongo unapata habari kwamba mwili unakwenda. Macho nayo yanatoa habari zao. Siku zote hawa mashahidi wawili husema jambo moja. Ndani ya basi, wewe umeinamia simu, sikio linasema tunakwenda, tunapinda, tunashuka. Jicho linasema tumetulia, mbona maandishi hayasogei? Kwenye gemu la bunduki ni kinyume chake. Jicho linaapa kwamba tunakimbia na kuruka kuta, sikio linasema uongo, huyu amekaa mchangani. Ubongo unabaki katikati kama hakimu asiyejua nani anasema kweli.

Kwa nini sasa tumbo ndilo liadhibiwe? Mtaalamu mmoja, Michel Treisman, alitoa wazo mwaka 1977: tangu enzi za mababu, kitu kinachovuruga macho na masikio kwa pamoja mara nyingi kilikuwa sumu iliyoliwa. Kwa hiyo mwili, ukiona mashahidi wanapingana, unaamua kwamba umelishwa kitu kibaya, na unakitoa. Yaani mwili unakusaidia! Msaada wenyewe ndiyo huo. Hilo ni wazo lake, si wote wanaolikubali, ila mimi limenifariji. Nikitapika siku hizi nasema asante.

Sikio lina kesi kubwa kweli katika jambo hili. Mwaka 1882 Mmarekani William James alichunguza viziwi zaidi ya mia tano akiwazungusha, na baadhi yao hawakusikia kizunguzungu hata kidogo, kwa sababu kilichoua usikivu wao kiliua na vile vimfereji. Na wala si ugonjwa wa waoga. Nelson, amiri jeshi wa Waingereza, alisumbuliwa na bahari mpaka miaka yake ya mwisho. Charles Darwin alizunguka dunia na meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836 na tumbo lake halikuizoea ile meli. Kwa mashine za kuigiza mwendo, marubani wa jeshi la majini la Marekani ndio waliotangulia: ripoti ya mwaka 1958 ilieleza jinsi walivyochafukwa kwenye mtambo wa kujifunzia helikopta, mtambo uliofungwa sakafuni. Gemu la Doom lilipotoka Desemba 1993, wachezaji wengine wakaanza kulalamika kichefuchefu majumbani mwao. Kwa hiyo mpwa wangu wa Mahege yuko kwenye jopo la heshima.

Turudi kwenye bodaboda. Mbona sikutapika? Kwa sababu niliiona njia. Shimo nililiona kabla sijalipata, kona niliinamia kabla haijafika, macho na masikio yakaenda pamoja na upepo ukanipiga. Ndiyo maana dereva wa basi hatapiki, abiria ndiye anayetapika. Dereva anajua kona inakuja, yeye ndiye aliyeileta. Na kwenye kile kibanda, aliyeshika pedi ndiye dereva. Anajua sasa nageuka kushoto. Mtazamaji hajui, anaburutwa tu. Mpwa wangu alikuwa abiria wa siti ya nyuma kabisa ya gemu la mwenzake, kwa sababu hana shilingi mia tano.

Nikafunua kitenge, nikamgusa bega. Alivyoniona aliishiwa nguvu.

Tukakaa chini ya mkorosho. Alipomaliza kutapika akalia. Ndipo nikaambiwa yote. Madrasa alikuwa anaikacha. Siku ya kwanza alipotapika nyumbani aliogopa kusema alikotoka, kwa kuwa bibi angempeleka kwa ustadhi na ustadhi ana fimbo isiyojua mjukuu wa nani. Akanyamaza. Bibi akasema pepo. Akanyamaza zaidi. Mzigo ukakua: kwanza kombe la kunywa, kisha hirizi, sasa ngoma, mbuzi na mpunga wa mwaka mzima.

"Mjomba," akaniambia, "siku hizi nadhani kweli ninalo."

Hilo ndilo lililonikata maini. Mtoto alianza na uongo mdogo wa kuogopa kiboko, na katika miezi miwili ulikuwa umemgeuka, akauamini mwenyewe. Usiku hapati usingizi, anasikilizia kama kuna mtu anamwita. Hata mtihani alikuwa ameukatia tamaa. Mwenye pepo atafaulu wapi?

Kazi ikawa mama mkubwa. Ningemweleza habari za vimfereji na vijiwe? Angenitazama kwa huruma, kisha angeongeza na mimi kwenye ngoma. Nikamwomba tu anisindikize, kesho yake alasiri. Mwenye kibanda nilimlipa mapema, nikaomba vijana wapishe benchi. Akaingia, kanga mbili, heshima zake zote, vijana wakasimama: "Shikamoo bibi! Shikamoo bibi!" Akaketi. Mwenye kibanda akaweka vita.

Dakika ya kwanza aliuliza maswali. "Huyu anakimbilia wapi? Mbona kichwa chake kinatikisika? Mama yake yuko wapi?" Dakika ya tatu akanyamaza. Dakika ya nne akapiga mwayo, akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Dakika ya sita akanyoosha mkono akashika nguzo ya kibanda, ile ya katikati, akaikumbatia kama mlingoti.

"Lizimeni," akasema. "Lizimeni hilo dude."

Tukamtoa nje kwenye upepo. Akakaa kimya muda mrefu, anaangalia mbali, kule minazi inakoishia. Nami roho juu, nikawaza nimeua mzazi. Halafu akatikisa kichwa.

"Hii naijua," akasema. "Hii ndiyo ile ya Nyamisati!"

Ikatoka hadithi ambayo sikuwahi kuisikia. Alipoolewa mara ya kwanza, kijana kabisa, alipelekwa Mafia kwa mashua kutoka Nyamisati. Kusi ilikuwa imechafuka. Bibi harusi alilala chini kwenye ngema na magunia, akatapika mpaka nyongo, nahodha akimpigia kelele: inuka mwanamke, tazama nchi kavu! Alipoinuka akashika mlingoti na kukitazama kisiwa, moyo ukatulia. Na alipofika Kilindoni, siku nzima ardhi ilikuwa bado inapanda na kushuka chini ya miguu yake.

"Kumbe bahari imo humo ndani ya TV," akasema. "Na huyu mtoto anaipanda kila siku bila nahodha!"

Sikuwa na la kuongeza. Alikuwa amesema kwa sentensi mbili niliyotaka kusema kwa saa nzima.

Nilikaa siku nne. Gemu hatukulipiga marufuku, maana mtoto aliyekatazwa gemu atalifuata hata Ikwiriri. Tuliwekeana masharti: madrasa kwanza, gemu Jumamosi tu mpaka mtihani uishe, na hela ya zamu yake nitatuma mimi, awe dereva, asiwe abiria. Mpira achezee atakavyo. Hapo nilifanya utafiti wangu: kwenye gemu la mpira kamera iko juu jukwaani, imetulia, ni kama umekaa uwanjani unatazama, na kibandani hakuna aliyekumbuka mtu kutapikia mechi ya mia mbili. Ya magari, achague ile ya kuliona gari kwa nyuma, si ile ya kukaa kwenye boneti. Ya bunduki, kidogo kidogo. Dakika kumi, apumzike, mwili unazoea pole pole kama wa baharia. Mwayo wa kwanza au mate yakijaa, anaacha hapo hapo na kutoka nje. Wanaojikaza ndio wanaoumia, na kichefuchefu kikishakaa hakiondoki kwa dakika mbili, kinaweza kukaa na wewe mpaka usiku. Ndicho kilichokuwa kinamzungushia kitanda.

Mwenye kibanda naye, Mungu ambariki, ni msikivu. Biashara ni biashara, hataki kufagia matapishi. Akakubali kufunga kitenge pembeni, mwanga na hewa viingie, maana TV kwenye kiza inameza macho yote na jicho halina pengine pa kushika. Akapiga mstari mchangani, hatua nne kutoka kwenye TV, hakuna kukaa mbele yake. Kwenye mipangilio ya gemu tukakuta pa kuzima kutikisika kwa kamera. Tukazima. Wale wakubwa wakalalamika kwamba vita imepoa, lakini niliona wawili kati yao wanavuta pumzi ya ahueni. Walikuwa wanaumwa siku zote, wanaona haya kusema.

Tangawizi nayo ipo. Mama mkubwa huitwanga mbichi, anachemsha, na kwa kweli inatuliza kiasi. Vidonge vya duka la dawa, kama sinarizini na promethazini, vinasaidia safarini ukimeza kabla hujapanda gari; ukisubiri mpaka uanze kutapika umechelewa, kidonge kitatoka na chai. Ila vinaleta usingizi, si vya dereva, na mtoto mdogo au mama mjamzito asipewe kabla ya kumwuliza mtaalamu. Kumeza kidonge ili ucheze gemu, hapana, huo sasa ni ulevi mwingine. Na jambo moja nilimsisitizia mama mkubwa: mtu akipata kizunguzungu bila gari, bila mashua, bila gemu, au kikaja na homa, au sikio likawa linavuma, huyo ni wa zahanati haraka. Vilevile mtu akianguka na kukakamaa mbele ya TV inayomemeteka, hicho si kichefuchefu, ni kifafa, na kina matibabu yake hospitali.

Ngoma ilivunjwa. Mama mkubwa alimpelekea fundi jogoo mmoja na maneno matamu, asije akasema kadharauliwa. Mpunga ukabaki ghalani na beberu akabaki anakula maua ya jirani. Ustadhi? Huko mjomba sikuingia. Nilisikia tu kwamba mpwa wangu kwa siku mbili alikuwa anasoma hisabati amesimama.

Siku ya kuondoka mama mkubwa alinifungia tangawizi kwenye kipande cha kanga. Akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda.

"Kaa mbele kwa dereva," akaniambia. "Tazama barabara. Simu iache mfukoni. Wewe unawafundisha wenzio, mwenyewe unakuja umekauka kama ng'onda!"

Kibiti nikawahi, nikapata siti ya mbele kabisa, kioo chote changu, barabara imenyooka mbele kama mkeka. Mfalme! Tukapita Bungu nimetulia, nikahesabu minazi. Jaribu Mpakani akapanda mama mmoja na binti yake wa miaka sita hivi, wakasimama karibu yangu, gari limejaa. Yule binti akanitazama. Akapiga mwayo. Akameza mate. Akapiga mwingine.

Nikamtazama mama yake, nikaitazama barabara yangu, nikamtazama tena mtoto. Nikainuka, nikampisha.

"Tazama mbele, mwanangu, mbali kabisa," nikamwambia, nikaenda kukaa nyuma kwenye ndoo ya mtu, katikati ya magunia ya nazi, sioni mbele wala pembeni. Tangawizi nilitafuna mpaka Mkuranga. Tulipofika Vikindu konda akanigusa bega, akanyooshea kidole kopo langu la siagi.

"Mzee," akauliza, "hiyo mboga gani?"